Kutazama Nako ni Kutumia

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipokaa kuisoma barua hii, na nina hakika ni kwenye kile kiti cha dirishani ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukikalia. Hapa ndipo mwandishi wa barua humjulia mwenzake hali. Mstari huo nimeuruka kwa makusudi, maana amri yako naikumbuka. Siku uliponisindikiza kituo cha basi, matibabu yako yakiwa ndiyo kwanza yameanza, ulisema umechoka kuulizwa unaendeleaje, kwamba kila anayekuuliza anakurudisha hospitali, na kwamba ukiwa na la kusema utapiga simu mwenyewe. Ulisema kwa ile sauti yako ya mwalimu mkuu, nami nikaitikia kama mtoto wa darasa la kwanza. Tangu hapo tumeandikiana kwenye simu habari za mvua, za shule ya mtoto, za bati la jikoni kwako linalovuja, kila kitu isipokuwa wewe.

Sisi huku ni wazima. Wifi yako amebadilishiwa zamu, sasa anarudi nyumbani kabla yangu na ananipokea kwa malalamiko ya kutwa nzima. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na anadai shangazi alimwahidi zawadi kwa kila jino. Ahadi hiyo sikuishuhudia, lakini shangazi mwenyewe namjua. Mimi bado nashinda kwenye chumba cha mashine, kwenye ile baridi ya kiyoyozi, nimevaa sweta ulilonifumia, lile lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Wenzangu wanapolicheka, nawaambia aliyefumiwa sweta na dada yake anyooshe mkono.

Nataka nikusimulie lililotokea kazini. Najua habari za kompyuta hukufanya usinzie, lakini vumilia, maana mwisho wake unakuhusu.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kutunza hifadhidata ya kampuni ya maji: majina ya wateja, mita zao, waliolipa na wasiolipa. Programu inayoiendesha si yetu, tumeikatia leseni. Sasa wenye programu wana tabia moja. Wanakuletea kila kitu kikiwa wazi, ulichokilipia na usichokilipia, kama mwenye nyumba aliyekupangisha vyumba viwili lakini akaacha milango yote bila kufuli. Hakuna atakayekuzuia kuingia. Ila ukiingia tu, programu inaandika kimyakimya kwamba kitu fulani kimetumika, lini kwa mara ya kwanza na lini kwa mara ya mwisho. Siku wakaguzi wakija, wanasoma hapo hapo, na kampuni inaletewa madai.

Mwaka huu tuliarifiwa kwamba wanakuja. Bosi wetu, mama asiyependa mchezo kabisa, akanipa kazi ya kutukagua kabla hatujakaguliwa. Kila Jumatatu naitoa ripoti ya vitu vilivyotumika. Nikikuta kisicho chetu, namtafuta aliyekigusa, tunakizima, tunaandika maelezo. Kwa muda mrefu ripoti ilitoka safi hadi nikaanza kuvimba kichwa. Nilimwambia wifi yako kwamba wakaguzi hao watakunywa chai, waage na kuondoka.

Basi Jumatatu moja nikakuta kitu. Kuna ukurasa unaoonyesha historia ya afya ya mashine, ile kompyuta kubwa inayobeba hifadhidata, michoro ya mistari inayopanda na kushuka, ukaona kama usiku ililemewa au ilipumua vizuri. Ni ukurasa mzuri sana, na sisi hatujaulipia. Ripoti ilisema umetumika, na mara ya mwisho ilikuwa asubuhi ile ile. Nilifuatilia nikaona unafunguliwa kila siku mapema, unakaa wazi muda mfupi, unafungwa. Nilipoona ni kompyuta ya nani, nilihakikisha mara mbili.

Ni ya Mzee Kimya. Nilishakusimulia habari zake, yule aliyenifundisha kazi hii nilipoajiriwa, ambaye anaweza kumaliza siku nzima kwa maneno yanayotosha kiganjani. Alihamishiwa tawi kubwa, ambako ukurasa ule wameulipia, na majuzi amerudishwa kwetu kumalizia muda wake kabla ya kustaafu. Kumbe amerudi na mazoea yake.

Bosi alituita wote wawili. Mzee Kimya hakukana. Alisema tu kwamba yeye hatumii chochote, anatazama. Bosi akamjibu kwamba kwa wenye programu kutazama nako ni kutumia, na kwamba mkaguzi haulizi mtu alitazama kwa nia gani. Alisema nikileta maelezo yanayoonyesha uzembe, mzee atatolewa kwenye mashine na kupelekwa ghalani kuhesabu mabomba mpaka siku ya kuagwa. Kisha akanigeukia na kusema maelezo hayo nitayaandika mimi, kwa sababu ripoti ni yangu. Unampelekaje ghalani mtu aliyekushika mkono?

Nikamfuata kwenye chumba cha chai. Nilimwambia kwamba mashine ile unaweza kuiuliza moja kwa moja, muda ule ule, iko katika hali gani, na swali la namna hiyo halilipiwi. Kinacholipiwa ni kule kuchungulia historia yake. Yeye ndiye aliyenifundisha maswali hayo zamani, kwa hiyo nilimuuliza kwa nini hayatumii. Akakoroga chai yake. Kisha akasema kwamba ukiuliza, lazima uwe tayari kwa jibu. Ule ukurasa anaufungua kabla hata hajavua koti, akiona mistari imetulia anaufunga, na hakuna anayejua kwamba aliingia ofisini na hofu. Alisema mashine iliwahi kumfia mikononi alipokuwa kijana, na tangu siku hiyo hajawahi kupanda ngazi za ofisi moyo ukiwa mahali pake.

Nilirudi mezani kwangu nikakaa nimeishika kalamu na sikuandika kitu.

Mwishowe niliandika ukweli wote: kwamba ukurasa ulifunguliwa, na nani, na kwa sababu ya mazoea ya tawi alikotoka, ambako unaruhusiwa. Niliongeza kwamba hatukumwonya aliporudi, na kosa hilo ni langu, kwa sababu kuonya ndiyo kazi niliyopewa. Tukaufunga usifunguke tena kwa yeyote. Bosi alisoma akiwa amekunja uso, akafuta neno moja, akasaini chini ya jina langu na kuagiza wenye programu waandikiwe kabla hawajafika. Wamekuja na wameondoka. Walituhoji, wakatukemea kwa maandishi, wakaridhika kwamba tulijikamata wenyewe. Mzee Kimya yuko palepale. Asubuhi anavua koti, anakaa, anaiuliza mashine maswali yake, anasubiri. Ile tarehe ya mara ya mwisho haifutiki kwenye ripoti, lakini sasa haisogei.

Sasa nifike kwako.

Dada, siku ile nilishindwa kuandika kwa sababu mimi na Mzee Kimya ni kitu kimoja. Kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nafungua jina lako kwenye simu. Siandiki neno. Natazama tu pale juu panapoonyesha mara ya mwisho ulipoonekana. Nikiona umeamka, umeishika simu yako, naifunga yangu na siku yangu inaanza. Wifi yako alishaniweka kitako akitaka kujua ni mwanamke gani huyo ninayemwamkia kabla yake. Nilipomwonyesha jina, alikwenda kuchemsha maji.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Asubuhi hukuonekana. Nilifika kazini, bado. Mchana ukaingia, bado. Nilikuwa nimeshika simu katikati ya ile baridi na jasho linanitoka. Ningeweza kupiga. Kidole kilikuwa juu ya jina lako. Nilijiambia kwamba dada alikataza, namheshimu dada. Ulipoonekana alasiri, nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili watu wasisikie nalia.

Nimekuwa nikijidanganya kwamba hilo ni heshima. Si heshima, ni woga. Wewe uliyenibeba mgongoni, uliyenivusha barabara, uliyekuwa unaingia chumbani kila nilipoumwa na kuniuliza waziwazi naumwa wapi, mimi nimekuacha ubaki na maumivu yako peke yako, nami nachungulia dirishani. Ulituambia tusikuulize, na mimi nilifurahi kimoyomoyo kwamba nimeruhusiwa kutojua. Naomba radhi kwa hilo.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenijibu neno moja, salama, halafu ukahamia kwenye habari za bati. Ukikuta makosa ya herufi, kalamu nyekundu iache mkobani kwa leo. Jumamosi nitapiga, saa ile unayomaliza kumwagilia maua. Kama ni jibu la kutisha, nipe tu, nitakuwa nimekaa. Kama hutaki kusema, tutakaa kwenye simu wote wawili tumenyamaza, nimeshafundishwa kunyamaza na mtu mwenye utaalamu huo. Na ukitaka kunifokea kwa kuvunja amri, nifokee, sauti yako nimeikosa hata ile ya ukali.

Wifi yako anakusalimu sana na anasema likizo yake itakuwa kwako, ukitaka usitake. Mtoto anakusalimu pia. Meno yake ameyahifadhi kwenye kikopo, atakuja nayo mwenyewe kudai haki yake.

Na ule mstari nilioruka mwanzoni nauweka hapa.

Unaendeleaje, dada?

Mdogo wako,
Kitinda