Moshi wa Kutoka Jikoni hadi Barazani

Jumatatu, 1 Machi 1954
Somo la tumbaku tena, darasa la tatu. Nimechora mapafu kwenye karatasi kubwa, moja jeupe, la pili nimelipaka masizi ya chungu. Watoto wakasema yanafanana na samaki wa ng'onda waliokaushwa juani. Nikacheka nao. Mkaguzi anakuja wiki ijayo kupima kama somo limewaingia. Likifaulu kwetu litapelekwa shule nyingine za pwani. Mwalimu mkuu hakai chini kwa wasiwasi.

Jumatano, 3 Machi
Kichwa kinaniuma. Zuhura, binti yangu, ndiye mwepesi wa kujibu kuliko wote darasani. Wenzake wanasema ni kwa kuwa mwalimu ni mama yake. Uongo mtupu. Nyumbani sina hata nafasi ya kumkagulia daftari.

Alhamisi, 4 Machi
Leo nimemwona. Zuhura, miaka tisa, anatoka jikoni uani, sigara mdomoni. Anavuta, anapita ukumbini, anafika barazani, anampa babu yake. Baba mkwe akaipokea bila kumtazama, akaendelea na mazungumzo yake. Kila mtoto mtaani hutumwa hivyo. Hata mimi nilitumwa. Inawashwa kwa kaa, na isipovutwa njiani inazima. Miaka yote hii naliona jambo hili na halijawahi kunishtua. Nilipomuuliza akajibu bila wasiwasi, "Simezi, mama. Navuta tu isizime."


Jumamosi, 6 Machi
Mume wangu amekuja kutoka Dar. Nimemweleza. Akasema yule ni baba yake, ataanzia wapi. Basi nikaweka kiberiti barazani, kando ya mkeka. Baba mkwe amekirudisha kwa mkono wa Zuhura. Eti upepo unazima njiti, na mtoto ana kazi gani?
Nina hasira. Sina pa kuipeleka.

Jumanne, 9 Machi
Nimeuliza darasani ni nani hutumwa kuwasha sigara nyumbani. Mikono yote juu, na vicheko, utadhani nagawa maandazi. Mwanahawa wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, babu akinituma, nikatae?"
Nikawaambia wafunge madaftari.

Alhamisi, 11 Machi
Mkaguzi amekuja. Tumbaku ni nini? Sumu. Inaharibu nini? Mapafu. Mtu akikupa utasema nini? "Ahsante, sitaki." Darasa zima kwa sauti moja. Hakuna aliyekosea. Mkaguzi akasema somo limefaulu kabisa, akanipongeza mbele ya walimu wote. Nilitaka kumwambia kwamba hawa hakuna anayewapa. Wanatumwa. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ananitazama.


Ijumaa, 12 Machi
Zuhura amemkatalia babu yake. Maneno yale yale: ahsante babu, sitaki. Mbele ya wageni waliotoka naye msikitini. Baba mkwe hakumpiga. Aliniita mimi. Akauliza, kwa upole kabisa, kama huko shuleni ndiko tunakowafundisha watoto utovu wa adabu. Nikasema hapana, baba. Nikamwamuru Zuhura amwombe radhi babu yake. Akaomba, analia.
Najichukia.

Jumamosi, 13 Machi
Mvua tangu alfajiri. Baba mkwe ameita, "Zuhura!" Nikaenda mimi. Nikasema mtoto anaosha vyombo, nikapokea sigara. Ni aibu mkwe kupewa kitu kilichotoka mdomoni mwa mke wa mwanawe, lakini nilishaamua. Jikoni nikainamia kaa, nikavuta. Ikazima. Nikavuta tena, nikakohoa hadi machozi.
Zuhura alikuwa mlangoni.
"Usiumeze moshi, mama," akasema. "Uuweke mdomoni kwanza, halafu uutoe puani."
Akaichukua mkononi mwangu, akanionyesha. Haikuzima.