Shemeji na Gego la Mtoto

Shoga, shemeji yangu ana kichwa cha kufugia nywele tu.

Leo dada kampeleka mtoto kwa daktari wa meno, gego la chini limetoboka. Shemeji naye kadandia, anatoa amri: "Ng'oa, la utoto hilo. Ana miaka sita tu."

Daktari akamjibu taratibu, "Baba, gego hili huota nyuma ya meno ya utoto. Ni la kudumu. Likitoka, haliji jingine. Tunaliziba."

Dada akashusha pumzi. Daktari akachungulia tena. "La upande wa pili liko wapi?"

Shemeji, bingwa wa kila kitu, alishaling'olesha mwezi jana, na dada alimwamini.

Mtoto akadakia, "Baba, ulisema litaota jingine. Lini?"

Dada akamgeukia mumewe. "Mjibu mwanao."

Mwanaume mzima akajifanya anasoma bango la kupiga mswaki.