Vitanda Nilivyokataa Kuvisaini

Shikamoo Fundi,

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila salamu. Ni mimi Editha, binti kutoka Mabawe uliyemfundisha kupaka vyuma rangi ya unga, ile inayookwa tanurini, hapa karakana ya Biharamulo, wenzako wakikucheka kwamba mwanamke hataweza joto la tanuri.

Tangu tukuzike, kazi yako ya ukaguzi nimepewa mimi. Wiki ya tatu tu, balaa. Vitanda ishirini vya zahanati moja vilitoka tanurini vinang'aa. Nikachagua kimoja, nikachora miraba midogo kwa wembe, nikabandika selotepu, nikaivuta kama ulivyonionyesha. Rangi ikatoka nayo, Fundi! Chuma hakikuoshwa kuondoa mafuta kabla ya kupakwa. Waoshaji walikuwa na haraka.

Meneja akaniletea karatasi ya kupitisha vitanda. "Saini, Editha. Mgonjwa analala, hakagui rangi."

Nilikaribia kusaini, sikufichi. Nina watoto wawili, na kazi huku hazipatikani ovyo. Lakini nilikukumbuka wodini, siku zako za mwisho, unakwaruza fremu ya kitanda kwa ukucha. "Hiki nacho hakikuoshwa," ukasema. "Ona kutu." Tukacheka mpaka ukakohoa. Mimi nikatoka nje kulia.

Nikamwambia meneja, "Sisaini."

Akanitoa ukaguzini, akanipa ufagio. Siku nne nilifagia uwanja, kichwa juu. Ningefagia hata mwaka mzima. Siku ya tano akaja muuguzi mkuu wa zahanati kupokea vitanda, mama mmoja wa maneno machache. Nikatupa ufagio, nikachora miraba kwenye kitanda kilichokuwa karibu, nikambandikia selotepu, meneja akinikodolea macho.

"Mama, vuta mwenyewe."

Akavuta. Akaitazama ile rangi iliyoganda kwenye selotepu, kisha akamtazama meneja. "Sipokei hata kimoja."

Tulivikwangua vyote, tukaviosha, tukavipaka upya. Safari hii nilivuta mpaka selotepu ikakatika, rangi ikabaki. Hapo nikasaini. Nimerudishwa ukaguzini, ingawa meneja hanisalimii mpaka leo. Na asinisalimie!

Ila nakukosa, Fundi. Nakukosa sana. Kuna wakati nageuka kukuuliza jambo...

Lala salama. Nakuahidi, kazi mbovu haitatoka hapa kwa saini yangu. Wakinifukuza, nitafungua karakana yangu mwenyewe, mlango utazamane na wao.

Mwanafunzi wako,
Editha