Makobazi Ambayo Hatukukuzika Nayo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi ulipofumba macho katika wodi ya wanaume, Mama akiwa ametoka nje kukusuuzia kikombe. Aliporudi na kikombe kisafi, ulikuwa umeshaondoka. Kikombe hicho hakijatumiwa na mtu mpaka leo. Kiko juu ya kabati, na mjukuu wako Pendo amekatazwa hata kukinyooshea kidole.

Kabla ya yote tunakuomba radhi. Tulikuzika na viatu vya dukani, vile vyeusi vya plastiki vinavyong'aa, ambavyo wewe, mtu wa ngozi kwa miaka ishirini na miwili, usingevivaa hata kwenda chooni. Makobazi yako uliyoyashona kwa mikono yako Mama aliyazuia. Wajomba walinuna, shangazi Josephina akaanza kulia upya, lakini Mama alisema ana kazi nayo. Leo, mbele ya ndugu na majirani watakaosoma tangazo hili, tunataka kukueleza ilikuwa kazi gani.

Wengi wanakukumbuka kwanza kwa harufu, na hilo ulilitania mwenyewe. Uliteremka kutoka Nyandira ukiwa kijana wa kulima viazi, ukaajiriwa kiwanda cha ngozi hapa mjini, kwenye mapipa makubwa yanayozungushwa na mota, na harufu ya ngozi mbichi haikukuacha tena. Kanisani benchi lako lilikuwa na nafasi siku zote. "Askofu ana kiti chake, mimi nina benchi langu," ulituambia. Nyumbani ulikula umekaa mlangoni, miguu nje, ili tusiache chakula. Jumapili baada ya misa ulishona viatu vya mtaa mzima, na aliyeleta kiatu kimoja ulimuuliza amemwachia nani kingine. Ulikuwa mpole, Baba, na wapole ndio wanaofanyiwa mambo katika nchi hii.

Kiwandani kila kitu kiliitwa dawa. Chokaa ya kutoa manyoya ilikuwa dawa. Ule unga wa kijani wa kromu, unaoifanya ngozi isioze, ulikuwa dawa yenyewe hasa. "Tia dawa." "Dawa imepungua." "Leo pipa la tatu halijashika dawa." Mikono yako ilitoboka vidonda vidogo vya duara ambavyo havikupona, na msimamizi akakwambia dawa imekuzoea vibaya. Hakuna aliyewahi kukupa glovu nzima. Ulipewa zilizochanika, ukazishona.

Mama alikuwa na bustani ya mchicha na figiri chini kidogo ya pale mfereji wa kiwanda unapoingia mtoni. Siku moja aliona maji yamebadilika rangi, akakuuliza. Ulikuwa umechoka, unavua shati, ukamjibu bila kugeuka, "Hayo ni maji ya dawa tu." Mama alielewa kama ambavyo mkulima yeyote angeelewa. Dawa ni ya kuua wadudu. Akaacha kupulizia mboga, akawa anamwagilia kutoka pale pale kwenye kona ya mfereji na mto, na akawaelekeza wenzake. Baada ya miezi michache kina mama walikuwa wanapanga foleni ya ndoo. Sokoni walisifia mboga zao kwa jina hilo hilo: mchicha wa maji ya dawa, hauna mdudu hata mmoja. Watu walinunua, wakala, wakawapelekea na wagonjwa.

Miaka sita, Baba. Kiwanda kiliwaona wanawake wale na ndoo zao kutoka dirishani kwa miaka sita, na hakuna aliyeshuka kusema neno.

Aliyesema alikuwa binti wa chuo aliyekuja Jumamosi moja na chupa zake za kupimia. Ulikuwa umekwenda kumsaidia Mama kupalilia. Ulimkuta binti amechuchumaa ukingoni, amevaa glovu mpaka kwenye viwiko.

"Binti, unakamata nini humo?"

"Shikamoo, baba. Sikamati kitu, nachota maji tukapime kromu."

"Marahaba. Kromu naijua. Ndiyo dawa yetu ya kazini."

"Nani amekwambia ni dawa, baba?"

Uligeuka ukamtazama Mama, aliyekuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, kanga ameikunja, ndoo mkononi.

Siku ile ile uling'oa mboga za matuta yote. Mama alidhani umerukwa na akili, akakaa siku nne hasemi nawe, chakula anakusogezea kwa mguu. Siku ya tano uliketi mlangoni pako ukasema, "Mama Prisca, neno lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekwambia dawa." Mama alikuja akaketi karibu yako, na kuanzia hapo mlizunguka bustani kwa bustani mkiwaeleza watu. Wengine waliwacheka. Wengine waliwatukana, maana mboga ndiyo iliyokuwa inawalisha.

Mwingine angeishia kulalamika. Wewe uliomba magome ya miwati, miti inayotengeneza ngozi bila kromu, kutoka Njombe, kupitia rafiki yako Benedikto wa zamu ya mchana, mkayatwanga, mkayaloweka kwenye pipa la plastiki nyuma ya nyumba, mkatumbukiza ngozi ya mbuzi wa Pasaka. Kila asubuhi kabla ya kazi uliigeuza kwa mti. Ilichukua wiki saba. Ilitoka rangi ya chai ya rangi, ngumu na laini kwa pamoja, inanukia msitu. Kwa mara ya kwanza ulishika ngozi ndani ya nyumba na Mama hakufungua madirisha. Ukashona makobazi, ukayapeleka kwa meneja. Alicheka. Alisema hiyo ni kazi ya kuwekwa makumbusho, na wiki iliyofuata ulihamishiwa getini kufungua na kufunga.

Kwenye mkutano wa kata uliyaweka mezani makobazi yale yale. Ulieleza kuwa kiwanda kinaweza kuiacha kromu kikatumia magome, na kwamba ofisi inayotoa kibali cha kumwaga maji mtoni iandike hivyo kwenye kibali kipya. Hukuomba kiwanda kifungwe. Ulijua watu mia tatu wanakula pale, na wewe ulikuwa mmoja wao. Mwakilishi wa kiwanda, kijana mwenye shati la mikono mirefu, alisema ngozi ya magome haistahimili mvua. "Ikipigwa na masika moja tu, mzee wangu, itakuwa ugali."

Ulimjibu taratibu, "Basi nitayavaa masika yote, tuone."

Hukuyaona masika hayo. Figo zilikataa. Daktari hakusema ni kiwanda, na sisi hatutamlisha maneno. Tunasema tu kwamba hakuna aliyewahi kukupima kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuapia kuwa si kiwanda. Siku ya mazishi walileta shada la maua ya plastiki, kubwa kuliko jeneza, lenye utepe ulioandikwa "Mfanyakazi wetu mpendwa". Baba mdogo Agustino alitaka kulitupa kwenye shimo la takataka. Mama akasema liachwe, ili kila anayepita aone namna wanavyopenda.

Siku ya arobaini nguo zako ziligawanywa. Kwa desturi ya upande wenu makobazi yalikuwa ya mpwa wako Elia, naye alikuja ameshaosha miguu. Mama alimpa koti, akampa saa, akampa na redio. Makobazi akayavaa yeye. Yanampita vidole vinne, akajaza vitambaa kwa mbele. Alitoka nayo kwenye mvua iliyofuata akaenda sokoni, akarudi, kesho yake akaenda tena. Mwezi mzima, kisha wa pili. Matope ya Morogoro unayajua. Mtaani walisema mjane wa Kondo amechanganyikiwa, anatembea na viatu vya marehemu. Shangazi Josephina alikuja na katekista kumsihi aachane na mambo hayo. Mama aliwakaribisha chai, akawaambia, "Mume wangu aliahidi masika yote. Mimi namalizia."

Masika yakaisha. Makobazi yalififia rangi, na mshono mmoja wa kisigino ulilegea, Benedikto akaukaza. Basi.

Mwezi wa kumi rasimu ya kibali ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na wananchi walipewa siku thelathini kutoa maoni. Binti yako Prisca alimsomea Mama pale pale kwenye ubao. Iliandikwa kwamba mwenye kibali ataacha kutumia dawa za kromu ndani ya miezi kumi na minane na kutumia mbadala usio na madhara, pale inapowezekana. Mama alimwambia asome tena mwisho. Prisca akasoma tena. Pale inapowezekana. Umefanya kazi yote ile, Baba, umehamishiwa getini, umekufa, na wao wamechukua maneno mawili wakafungulia mlango wa nyuma.

Mama alikwenda kwenye kikao cha kusikiliza maoni akiwa na wanawake sitini wa bustani, wengi wao wa ile foleni ya ndoo. Alivaa gauni la kitenge ulilopenda akilivaa, na makobazi. Alipoitwa alivua makobazi, akayaweka juu ya meza mbele ya mwenyekiti, akasimama peku.

"Shikamooni wakubwa, na ninyi vijana hamjambo. Mimi naitwa Bernadeta, mke wa marehemu Castory Kondo. La kwanza, humo ndani mmeandika dawa. Tafadhali ifuteni. Sisi neno hilo limetulisha sumu miaka sita. Andikeni jina lake."

Mwenyekiti alimwambia karani aandike kemikali yenye madhara. Karani akaandika.

"La pili, naomba kumuuliza huyu mwanangu." Alikuwa yule yule wa shati la mikono mirefu. "Ulisema kwa masika moja tu yatakuwa ugali. Haya yamekula masika, yamekula na vuli. Yashike."

Kijana aliyashika. Aliyapinda, akayageuza nyayo, akabonyeza kwa kidole gumba. Mama akamuuliza, "Inawezekana au haiwezekani?"

"Mama, inawezekana, ila kuna..."

"Mwenyekiti," Mama akasema, na hakupandisha sauti, "amesema inawezekana. Basi hamna haja ya hiyo 'pale inapowezekana'. Ifuteni, halafu hapo kwenye madhara wekeni nukta."

Baba, tungependa kukwambia waliweka. Mwenyekiti alisema uamuzi utatolewa kwa maandishi ndani ya siku sitini, na makobazi yabaki kama kielelezo. Mama alidai stakabadhi. Wakampa, imegongwa muhuri: jozi moja, viatu vya ngozi, vilivyotumika. Alirudi nyumbani peku kwa miguu, na wale wanawake sitini wakavua ndala zao wakatembea naye. Leo ni siku ya mia na kumi. Kila Jumatatu Mama anakwenda kuuliza, na kila Jumatatu anaambiwa mchakato unaendelea. Mchakato ni neno lao jipya, Baba. Nalo linatunywesha kama lile la zamani. Maji pale kwenye kona bado yana rangi. Wanajua linalowezekana, wamelishika kwa mikono yao, wamelifungia kabatini.

Kwa hiyo tunaomba uvumilie hivyo viatu vya dukani. Siku nukta itakapowekwa, na pipa la mwisho la kromu litakapotoka getini pale walipokuweka ufungue na kufunga, Mama ataenda na stakabadhi yake kuyachukua makobazi. Atakuletea kaburini yeye mwenyewe. Ameshatuambia tusithubutu kumsindikiza.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii saa moja asubuhi. Benchi lako litakuwa wazi, na safari hii ni kwa sababu tumekataza mtu asiketi. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa wote nje ya ofisi ya vibali. Yeyote aliyewahi kula mchicha wetu anakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Bernadeta. Wanao Prisca, Faraja na Hosiana. Mjukuu wako Pendo. Mdogo wako Agustino. Dada yako Josephina, ambaye sasa anakwenda na Mama kila Jumatatu. Mpwa wako Elia. Wajomba wote wa Nyandira. Rafiki yako Benedikto. Na wanawake wa bustani za mtoni.

Hatutakusahau, Baba. Nukta.