Damu ya Suud Haichanganyiki

Sitara wee, bibi kanimaliza! Mama mkwe mtarajiwa kaja kuulizia ukoo wetu, bibi kamfungulia habari za babu yake mwenyewe, Suud, muuza vitambaa wa Kariakoo enzi za Mwingereza.

Suud alimkatalia Safari, hamali wa mtaa wa Gerezani, asimuoe bintiye Badriya. Eti, "Damu yetu haichanganyiki!"

Haichanganyiki, sikia hiyo.

Siku moja mkasi wa dukani ukamchoma paja, damu ikagoma kuganda. Hospitali, kutafuta wa kumtolea damu, wakachanganya tone la damu yake na la kila nduguye. Zote zikashikana vibonge. Safari naye akajitolea apimwe, na yake tu ndiyo ikachanganyika!

Wakamtia damu hiyo. Mzee kazinduka, unajua kasema nini?

"Safari, sasa ni kama tumechanjiana chale, wewe ndugu yangu. Badriya ni mwanao. Humuoi."

HUMUOI! Na damu ya Safari anayo mwilini!

Mkewe, Mwanamize, akamgeukia mbele ya wodi nzima: "Kinachoharamisha ndoa ni ziwa, si damu ya kutiwa. Kwani Safari kakunyonyesha?"

Shoga, hapo chai ikampalia mama mkwe. Bibi akampigapiga mgongo: "Pole mwanangu. Basi mimi ndiye mtoto wa yule hamali."