Soda Ilikuwa ya Wageni

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza kusema na wewe bila shikamoo mdomo wangu unakataa. Tumerudi Mjimwema mchana huu kutoka Maposeni, na vumbi la nyumbani bado liko kwenye viatu vyetu. Otilia, mjukuu wako niliyempa jina lako, anacheza uani. Mimi nimekaa mezani na kile kikombe chako cha bati, chenye maua mekundu yaliyobanduka, na nimeamua kukuandikia kabla hujaja tena.

Maana unakuja, mama. Kwa padre sijalipeleka hilo, na mume wangu nilimwambia nusunusu akadhani nimechoka. Unakuja mchana, wageni wakishaondoka. Nawasindikiza mpaka barabarani, nageuka, na nikifika mlangoni nasikia chupa zinagongana jikoni, taratibu, kama kuna mtu anazipanga kwenye kreti. Nikiingia hakuna mtu. Na nyumbani kwangu hakuna kreti. Inabaki harufu tu, ile tamu ya soda iliyokata gesi, halafu nayo inaondoka. Mara ya kwanza nilitoka mbio mpaka uani. Siku hizi nasikitika zaidi kuliko kuogopa, kwa sababu najua unachokitafuta.

Nyumba yetu haikukauka wageni, si unakumbuka? Baba alikuwa katekista, na nyumba ya katekista ni kama stendi. Wazee wa kigango, wakwe, watu wa jumuiya, padre akipita. Kreti ya soda ilikaa chini ya kitanda chenu, upande wako, umeifunika kwa khanga kuukuu, na sisi watoto tulijua kuigusa ni kutafuta balaa. Mgeni akipiga hodi, "Tumsifu Yesu Kristo", kabla baba hajamaliza kuitikia wewe ulishajifunga khanga upya kiunoni. Trei, kitambaa ulichokifuma mwenyewe, chupa, kifungulio. Uliifungua mbele ya macho ya mgeni, maana soda iliyofunguliwa jikoni nani ataiamini? Ule mlio wa kizibo ndio uliokuwa makaribisho yetu. "Karibu, jisikie uko nyumbani," ulisema, halafu ukaketi mkekani mikono mitupu.

Mgeni naye alikuwa na adabu zake. Kumaliza chupa yote ni uroho, watu watasema kwake hajawahi kuiona. Kwa hiyo alikunywa kidogo, akaongea, akanywa tena, na alipoaga aliacha kiasi. Babu mzaa baba aliacha nusu, kwa heshima ya ukwe wake na wewe. Padre aliacha zaidi ya nusu, kwa sababu nyumba tatu za nyuma zote zilikuwa zimemfungulia. Ulikuwa unawasindikiza wote hao kwa furaha, unarudi, unabeba trei jikoni. Chupa lazima zirudi dukani, na soda haimwagwi. Ulikuwa unazimiminia zote kwenye kikombe hiki, nyeusi, ya chungwa, ya tangawizi, zinakuwa rangi ya maji ya mfereji wakati wa masika. Ulinywa ukiwa umesimama mlangoni, mgongo umeegemea fremu, macho yako kwenye mahindi.

Nilikuuliza siku moja, "Mama, kwani tamu?"

Ukacheka. "Ngoja nimalizie, isimwagwe."

Sikuwahi kukuona ukijifungulia chupa yako mwenyewe. Hata siku ya Kipaimara changu, sisi watoto tulipokunywa mpaka tukacheua, wewe ulikaa mikono mitupu mpaka wageni walipoondoka. Kisha nikasikia chupa zinagongana.

Ulipoanza kuwa na kiu tulidhani ni jua. Ulikuwa ukienda shambani na galoni la maji peke yako, na ukirudi unakwenda moja kwa moja mtungini. Sisimizi walianza kuzingira choo chetu, wewe ukasema mvua itawahi mwaka huu. Halafu miguu ikaanza kuwaka moto, na macho yakaingia ukungu, mpaka nikaja kukuchukua kukupeleka hospitali. Nesi alikuwa binti mdogo, mpole, anauliza huku anaandika.

"Bibi, soda unatumia?"

"Soda?" Ulishtuka kabisa, kama amekuuliza kama unavuta bangi. "Hapana mwanangu. Soda ni ya wageni."

Nami nilikaa pembeni yako nikajivuna. Mama yangu si mtu wa anasa. Hukudanganya, mama, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Ulikuwa unamwambia ukweli wako wote. Kwako wewe, kunywa soda maana yake ni kukaa kwenye kiti, ukafunguliwa. Kile ulichokifanya mlangoni kwa kikombe cha bati hukukiita kunywa. Ulikiita kutunza nyumba.

Sisemi soda ndiyo iliyokuua. Daktari hakusema hivyo, na sukari ni ugonjwa wenye mambo mengi. Alikukataza sukari kwenye chai, nawe ukatii kwa ujasiri, ukanywa chai chungu uso umekunjamana, tukakucheka. Lakini watu wakaja kukuona. Na kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Walileta soda. Ukiwa kitandani uliamuru zifunguliwe wapewe wao wenyewe walioleta, maana wametoka mbali. Wakanywa kidogo, kwa adabu, wakaacha. Na wakishaondoka ulininyoshea mkono uletewe kikombe chako.

Siku tulipokuzika, turubai lilijaa, na soda zililetwa na watu wa jumuiya. Jioni, akina mama walipokwisha kuondoka, niliokota chupa chini ya viti bila kuwaza lolote. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, mgongo kwenye fremu, kikombe kimejaa, kiko mdomoni. Mkono ule haukuwa wangu. Nilikitupa, soda ikamwagika kwenye majivu, nami nikapiga kelele watu wakadhani ni msiba tu. Ndipo nilipoelewa, mama. Miaka yote ile, hapo mlangoni, ulikuwa unakunywa soda kuliko mtu yeyote Maposeni.

Tangu hapo kwangu haiingii. Nina mtungi wa maji yaliyochemshwa, na maji ya mtungi ukiyakamulia ndimu hayahitaji kingine. Nina mchaichai kwenye chupa ya chai, hauna sukari, na unaota wenyewe karibu na bomba. Jumamosi napika togwa kwa unga wetu na kimea kidogo cha ulezi, na sufuria moja inanywesha ukoo mzima kwa gharama ndogo kuliko kreti. Wengi wamezoea. Ila wifi yako, shangazi Kresensia, unamjua mwenyewe. Alikuja, nikammiminia mchaichai, akanusa kikombe akaniangalia.

"Haya majani si ndiyo tunayapanda dirishani kufukuza mbu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa hiyo mimi leo nimekuwa mbu."

Alikunywa, lakini ukoo mzima ulipata habari kwamba mtoto wa Otilia amekuwa bahili. Nilicheka. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua kilikuja baadaye.

Jirani alikuwa na sherehe ya mtoto wake, viti vimejaa uani, soda zimefunguliwa. Nilikuwa naongea na watu nikamkosa Otilia. Nilipomwona, alikuwa anapita meza hadi meza, anakusanya chupa walizoacha wageni, anazimimina kwenye kikombe cha plastiki. Amejipanga vizuri, hamwagi hata tone. Nilimfikia akiwa ameegemea nguzo ya kibaraza, kikombe kiko mdomoni. Akaniangalia kwa utulivu wa mtu mzima.

"Ngoja nimalizie, isimwagwe."

Mama, wewe ulipoondoka huyu mtoto alikuwa bado yuko mgongoni kwangu. Hakukusikia ukisema. Nilimuuliza mume wangu, akaapa hajawahi kulisikia neno hilo nyumbani. Labda nilishalisema mwenyewe bila kujijua, sijui, najaribu kukumbuka na sikumbuki. Nilimnyang'anya kikombe, akalia, nikambeba kumpeleka nyumbani. Usiku ule sikusali rozari, nilisema na wewe tu. Nilikwambia, kunifuata mimi sawa, mimi ni mwanao. Lakini huyu mwachie. Kesho yake mchana chupa ziligongana tena.

Basi ikafika siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi lako. Tulikaa sebuleni kwa baba kupanga, na shangazi alikuwa ameshapiga hesabu za kreti zake kichwani. Nikasema safari hii tupike togwa.

"Wee!" Shangazi akasimama. "Nyumba ya katekista, padre amekaa, watu wanyweshwe uji? Marehemu aliheshimu watu kwa soda. Unataka kumwaibisha kaburini?"

Nami nikawaambia. Niliwaambia kuhusu kikombe, mlango, mabaki ya wageni, na nesi. Nikawaambia aliyoyasema Otilia. Shangazi alikaa chini. Baba aliizungusha fimbo yake mkononi.

"Nilikuwa nakaa hapa na wageni wakishaondoka nasikia chupa zinagongana," alisema. "Nikajua anapanga kreti."

Baba akageuza uso upande wa jikoni.

"Bado nazisikia."

Shangazi akajipiga ishara ya msalaba. Nilidhani ni mimi peke yangu unayenijia, kumbe na mzee wa watu naye, peke yake katika nyumba ile, kila mchana, na hakuwa na wa kumwambia. Akanyanyuka, akasema, "Pikeni togwa," akatoka nje.

Tulipika shangazi na mimi. Alipofika kwenye sufuria alisahau ugomvi, akaninyang'anya mwiko, akaniambia nimekoroga kama mtu wa mjini. Na wakati tunangoja uji upoe ndipo tutie kimea, alinikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau. Kwetu aliyepika togwa huonja kwanza, mbele ya wageni, watu wajue kinywaji ni salama. Kizibo cha soda ndicho kilichotupotezea desturi hiyo. Soda ilikuja imefungwa, ikajitetea yenyewe, na mama wa nyumba akaacha kunywa mbele ya watu.

Baada ya misa na msalaba, watu walikaa. Nikasimama mbele yao na sufuria, na kikombe chako cha bati. Nikakijaza. Padre alikuwepo, baba alikuwepo, wazee wote wa kigango, na mimi mwanamke nikanywa kabla yao wote, nimesimama katikati ya uwanja, mpaka nikaona maua yaliyochorwa ndani, chini ya kikombe. Togwa lilikuwa limekubali, tamu na uchachu kidogo. Nikampa Otilia naye, akanywa. Ndipo tukawagawia.

Na unajua togwa halibakishwi. Ukiliacha kikombeni umemwambia aliyepika kwamba mkono wake mbaya. Watu walikunywa mpaka wakainua vikombe juu kungoja tone la mwisho. Shangazi alileta kikombe chake mara ya pili. "Ongeza," alisema, "nisije nikalisema vibaya kwa kutolijua." Otilia alishika trei akapita kukusanya vyombo, nami nikamfuata kwa macho. Alichungulia kikombe hiki, akachungulia kile, akaenda hadi safu ya mwisho kwa wanaume, akarudi kwangu na trei imejaa.

"Mama, hawajabakisha."

Nililia, mama. Nililia kuliko siku ya mazishi, na baba akaja akasimama karibu nami. Tulikaa naye mpaka jua likaegemea. Jikoni kulikuwa kimya. Leo asubuhi kabla hatujaondoka nilimuuliza kama amesikia chochote. Akatikisa kichwa.

Sasa ni saa zako. Hapa Mjimwema wageni walikuwepo, majirani walikuja kutupa pole ya safari, na wameshaondoka. Sijasikia kitu, ila bado nasikiliza. Nikikusikia sitashtuka, nitajua umepitia kuangalia. Basi angalia, mama. Hakuna chupa ya kupanga wala mabaki ya mtu ya kukusanya, na mtoto anacheza uani, kinywa hakina soda.

Ila najua uliondoka na kiu. Nimekiosha kikombe chako nikakijaza maji ya mtungini, ya baridi, mpaka juu. Kipo hapa mezani. Hakijaguswa na mdomo wa mgeni yeyote. Vuta kiti, mama, ukae.

Leo unaanza wewe.

Ni mimi mwanao,
mama Otilia