Harusi ya wanetu

Zuleikha, tumekwama! Tuko juu ya kilima cha kisiwa kidogo, upepo na mvua vyatupiga.

Asubuhi maji yalikupwa, tukavuka fungu la mchanga kwa miguu. Safiyya niliye naye akasema, "Tutarudi kabla hayajajaa." Tutarudi! Mvua ikatuzuia pangoni, kushuka, fungu limezama. Na upepo huu hakuna mtu wa kutufuata na mashua mpaka kesho.

Mavyaa, nyanyake mwanangu, kanipigia simu. Mukhtari alia, chupa haitaki. "Nimpeleke kwa Zuleikha?" Kifua changu kimelowa maziwa.

Shoga, akinyonya kwako mpaka kesho, Layla wako ni dadake wa kunyonya. Harusi yao tuliyoipanga kwa kicheko imekwisha.

Nimemwambia amlete. Fungua mlango, mama Layla. Mnyonyeshe ashibe.